Sauti ya Pili ya Namba 219

Haikuwa zamani wala si mbali. Ilikuwa juzi tu, katika nchi ambayo sitaitaja jina, kwa sababu kulitaja bila kupiga makofi ni kosa la jinai, nami mikono yangu ina kazi ya kuandika. Katika nchi hiyo Mungu alikuwa akiabudiwa kwa amani na utulivu, yaani watu walichukiana kanisani tu. Sokoni waliuziana nyanya kama kawaida.

Walichukiana kwa ajili ya nyimbo. Kulikuwa na Watu wa Kitabu, walioimba nyimbo za kitabuni polepole, wamesimama wima, beti zote sita, pamoja na ule wa theluji, ingawa kati yao hakuna aliyewahi kuiona theluji nje ya friji. Na kulikuwa na Watu wa Keybodi, walioimba mstari mmoja mara thelathini na sita wamefumba macho, huku mashine ikitoa moshi madhabahuni mpaka wajane wa mstari wa mbele wakakohoa damu ya wokovu. Wa Kitabu waliwaita wenzao disko. Wa Keybodi waliwaita wenzao maiti. Katika usharika mmoja mtu alimimina uji wa moto ndani ya keybodi. Jumapili iliyofuata vitabu vyote vya nyimbo vilikutwa vimegandishwa kwa gundi ya viatu, kuanzia jalada hadi jalada. Wahusika wote walishiriki Meza ya Bwana siku hiyohiyo, wakipokezana kikombe bila kutazamana usoni.

Kati ya Watu wa Kitabu hakuna aliyekuwa mkali kama Mwalimu Elisaria. Alikuwa amefundisha kwaya ya usharika wa Kilimani miaka thelathini na mmoja. Aliandika nota ubaoni kwa chaki za rangi nne, kila sauti na rangi yake, na mkononi alikuwa na fimbo fupi ya mpera ambayo wanakwaya waliiogopa kuliko Jehanamu. Yeye mwenyewe aliimba besi. Mwanawe wa kumzaa, Ombeni, alimfukuza kwayani kwa kosa la kupiga makofi katikati ya ubeti. Ombeni akavuka barabara, akajiunga na wale wa moshi, akawa mpiga keybodi hodari kupita wote wilayani. Kwa miaka sita baba na mwana walisalimiana kupitia kwa mama.

"Mwambie mwanao karibu chakula," alisema Mwalimu.

"Mwambie mwenyewe, si huyo amekaa mbele yako?" alijibu mkewe, Aikande, na kuuweka ugali katikati yao kama anayeweka jiwe la mpaka.

Aikande aliimba sauti ya pili. Kwa asiyejua mambo ya kwaya, sauti ya kwanza ndiyo hubeba wimbo wenyewe na kuchukua sifa zote. Ya tatu, yaani tena, hulia juu kwa wanaume. Ya nne, besi, hutetemesha mabenchi. Sauti ya pili hukaa katikati kwenye nota tatu nne zilezile, inapanda kidogo, inashuka kidogo, haiendi popote. Ukiisikia peke yake huwezi kujua ni wimbo gani. Mwalimu Elisaria aliikumbuka pale tu ilipokosea, na hapo aligonga meza kwa fimbo akasema, "Sauti ya pili, mmelala!"

Aikande alipika, akafua, akachambua mchele, na muda wote huo aliivumisha hiyo sauti ya pili puani, mpaka mumewe akaacha kuisikia kabisa.

*

Serikali iliona watu wake wanagombana, ikaumia moyo. Serikali ya nchi hiyo ilipenda sana wananchi wagombane kwa kibali.

Rais akaenda mwenyewe kufanya utafiti. Jumapili ya kwanza alikaa na Watu wa Kitabu. Alisikia makundi manne ya watu yakiimba mambo manne tofauti kwa wakati mmoja, kila kundi linashikilia la kwake, na hakuna aliyekamatwa. Inasemekana alitoka jasho. Jumapili ya pili alikaa na Watu wa Keybodi, akamwona mtu mmoja ameshika kipaza sauti, anasema neno, na watu elfu mbili wanalirudia wamefumba macho. Rais akafuta machozi. "Hili ndilo kanisa," alisema.

Mwezi huohuo ikazaliwa Wizara ya Sifa, Shangwe na Kuabudu, na waziri wake akawa Mheshimiwa Daktari Mtume Pankrasi Ndimbo, mtu mwenye sauti nzito na suti nyeupe. Alihutubia taifa kwa saa tatu.

"Ndugu wananchi," alisema, "sauti nne zatoka wapi? Nani anazifadhili? Mimi nauliza tu. Mtu mmoja aseme do, mwingine aseme mi, mwingine aseme so, kwa wakati mmoja, mbele ya watoto! Kuanzia leo taifa hili litaimba sauti moja. Anayetaka kuimba tofauti na mwenzake aende akaimbe kwao, kama anako kwao."

Watu wa Keybodi walishangilia wiki mbili. Wiki ya tatu wakapelekewa waraka: nao pia nyimbo zao zote zimefutwa, isipokuwa mmoja uliotungwa na kamati, uitwao "Wewe ni Wewe". Ulikuwa na maneno hayo tu. Hakuna aliyejua anayeimbiwa ni Mungu au Rais, na kuuliza kulihitaji fomu. Kila kanisa likafungiwa kipima-upako, chombo chenye mshale mwekundu kilichokuwa kikitumika zamani kupima kelele za ndege uwanjani. Mshale usipofika kwenye nyekundu, ibada haihesabiki. Makanisa ya wazee na wagonjwa yalikaa mpaka saa kumi alasiri yakimtafuta Roho kwa mapafu yaliyobaki.

Ombeni alichukuliwa kwenye Kikosi cha Sifa cha Taifa. Akapewa viatu vyeupe.

Mwalimu Elisaria akafuta ubao. Lakini aliufuta kwa kitambaa kikavu, ili nota zionekane kidogo.

*

Huko Kilimani kulikuwa na desturi ya zamani. Kila mshirika, siku ya kipaimara, aliandika ndani ya jalada la kitabu chake namba ya wimbo atakaozikwa nao. Wino ukififia waliurudia. Watu walibadili nyumba, waume, hata vyama, lakini namba hawakubadili. Mtu asipoimbiwa namba yake walisema amefukiwa, hawakusema amezikwa.

Namba ya Aikande ilikuwa 219.

Alianza kuumwa mwezi wa mvua ndogo. Ilipofika hatua ya kunywa chai kwa kijiko, alimwita mumewe.

"Elisaria, mimi naondoka."

"Usiseme hivyo."

"Niache niseme, sina pumzi ya kubishana. Nataka 219. Sauti zote nne. Mimi sitakuwepo kushika ya pili, kwa hiyo tafuta mtu. Huyo Eliwaza ana sauti lakini anakimbia, mwambie asikimbie. Na usiniache na ile Wewe ni Wewe yao."

"Nakuahidi."

"Na umsalimie mwanao kwa mdomo wako."

Mwalimu akashika kijiko, akaikoroga chai. Aikande alicheka, akakohoa. Alifariki Jumanne saa nne asubuhi, chai yake haijapoa.

*

Ofisi ya Afisa Sauti wa Wilaya ilikuwa katika jengo lililokuwa maktaba. Afisa mwenyewe aliitwa Faustini, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni na saa ya kupimia mbio shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole na msiba."

"Marahaba. Nimekuja kuomba mke wangu aimbiwe."

"Ataimbiwa, wala usiwe na wasiwasi. Kikosi kitaleta Wewe ni Wewe mara thelathini na sita. Huduma hiyo ni ya kila raia."

"Nataka 219. Sauti nne."

Faustini akaweka kalamu chini polepole, kama mtu aliyeona nyoka. Akaenda kufunga mlango.

"Mwalimu, wewe ni mzazi wangu. Sikusikia ulichosema. Hapa kuna Fomu ya Kuimba Taratibu. Wafiwa wa daraja la kwanza wanaruhusiwa wimbo mmoja wa kitabuni, mtu asiruke, asipige kitu, dakika nne. Lakini sauti ni moja. Chagua."

"Wimbo una sauti nne. Nitachaguaje moja? Ukiambiwa uchague tairi moja la gari utachagua lipi?"

"Nitachagua la mbele. Nakuandikia ya kwanza?"

Hasira ilimpanda Mwalimu Elisaria kutoka magotini. Miaka thelathini na mmoja, mke yuko kwenye jokofu la hospitali, na mtoto huyu mwenye saa shingoni anampimia besi na tena kama mafuta ya taa. Alitaka kuipindua meza. Badala yake alisema, kwa shari tupu, neno ambalo hakulitafakari.

"Andika ya pili."

"Ya pili ndiyo ipi?"

"Huijui?"

"Serikali inajua sauti zote," alisema Faustini, akaandika haraka. Kisha akasoma kibali kwa sauti, kama sheria ilivyotaka: "Mwalimu Elisaria na waombolezaji atakaokuwa nao wanaruhusiwa kuimba namba 219, sauti ya pili tu. Kibali hiki kitakwisha nguvu wimbo utakapokwisha. Sahihi, mhuri."

Mhuri ulipiga meza kama mlango wa jela. Mwalimu alikunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

*

Wanakwaya thelathini na mmoja walisimama kaburini, wanawake kwa wanaume, na wote, kwa mara ya kwanza maishani mwao, waliimba sauti ya pili. Wenye besi zao waliishusha, wenye tena wakaibana. Hakuna aliyekimbia, hata Eliwaza.

Mwalimu aliinua mkono kuwaongoza, akausahau hewani. Alikuwa ameandika sauti hiyo ubaoni kwa chaki ya kijani mara mia, na hakuwahi kuisikiliza. Sasa aliisikia, na ilikuwa ni jikoni kwake. Ilikuwa mchele unachambuliwa, maji yanachemka, shati lake linapigwa pasi Jumapili asubuhi. Miaka yote hiyo mwanamke huyu alikuwa akimwimbia, naye alikuwa akimwambia amelala. Mwalimu Elisaria alilia mbele za watu, jambo aliloliona siku zote kuwa la Watu wa Keybodi.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Faustini akapuliza filimbi.

"Dakika nne! Asanteni sana. Kikosi!"

"Bado beti mbili!" alisema Mwalimu.

"Muda, Mwalimu. Kikosi!"

Na Kikosi cha Sifa cha Taifa kikalipuka. Jenereta, ngoma, moshi juu ya udongo mbichi. Waimbaji wanane waliruka kando ya kaburi wakimwambia Aikande kuwa Wewe ni Wewe, huku kipima-upako kikiwa kimewekwa juu ya msalaba wa jirani yake. Kwenye keybodi alikuwa Ombeni, viatu vyeupe vimeingia matopeni, anapiga bila kutazama vidole. Mshale ulifika kwenye nyekundu mara ya ishirini na tisa. Jeneza likashushwa.

Ombeni alimjia baba yake na mkono ulionyooshwa. Mwalimu aliutazama mkono huo, akageuka, akaondoka zake.

*

Wiki tatu baadaye, saa sita kamili mchana, spika zote za nchi, zile zilizofungwa kwenye nguzo, stendi, zahanati na shule, zilikohoa, kisha zikatoa wimbo mpya. Mtangazaji alieleza kwa furaha kuwa ni "Umoja ni Umoja", alioteremshiwa Mheshimiwa Daktari Mtume Ndimbo akiwa katika mfungo wa siku tatu hotelini. Kuanzia sasa utapigwa kila siku saa hiyo, na raia watasimama.

Mwalimu Elisaria alikuwa kwenye mashine ya kusaga, debe la mahindi begani. Ngoma zilikuwa nyingi, kinanda kinalia, mtu anapayuka. Lakini chini ya takataka zote hizo kulikuwa na nota tatu nne zinazopanda kidogo na kushuka kidogo. Debe lilimponyoka.

Alikwenda moja kwa moja hadi kambi ya Kikosi, akamkuta Ombeni anapiga rangi viatu.

"Ni wewe," alisema. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia kwa miaka sita.

"Ni mimi. Waziri alitaka wimbo mpya kufikia Ijumaa, na yeye hajui kutunga hata mluzi."

"Umemuuza mama yako!"

"Nimemweka kwenye spika elfu nne, baba. Ningechukua sauti ya kwanza wangeitambua siku ileile. Ya pili nani anaijua? Hata wewe hukuijua."

Mwalimu aliinua mkono ampige. Mkono ulikuwa mzito. Aliushusha, akatoka bila kuaga, na njia nzima alimtukana mwanawe kwa matusi ambayo kitabu cha nyimbo hakina.

Kesho yake saa sita alikuwa tena kwenye mashine. Spika ikaanza. Watu wakasimama kwa mujibu wa sheria. Mwalimu hakukusudia lolote, tena nitaapa popote kwamba hakukusudia, lakini kifua kilichoimba besi miaka thelathini na mmoja kilisikia sauti ya pili inapita, kikafanya kazi yake. Akaanza kuunguruma. Mwenye mashine, aliyeimba sauti ya tena katika kwaya iliyofutwa, alimtazama, akazima mota, akaingia juu yake. Mama mmoja mwenye ungo akashika ya kwanza, kwa maneno ya zamani. Namba 219 ikasimama nzima katikati ya vumbi la unga, na aliyeshika ya pili alikuwa ni serikali.

Ugonjwa ukaenea. Ukaingia foleni za benki, ukaingia wodini. Watu wa Kitabu waliuanza, na baada ya mwezi Watu wa Keybodi wakaja kwa kificho kuuliza, "Hiyo ya tatu inapita wapi?" Hawakupendana. Walifundishana kwa meno yaliyofungwa, wakitukanana disko na maiti kati ya ubeti na ubeti. Maafisa waliandika ripoti kwamba raia wananguruma kwa furaha. Sheria ilikataza kuimba tofauti na mwenzako, lakini hakuna askari aliyekuwa tayari kuandika kwamba wimbo wa Waziri ndio uliopotoka.

*

Mheshimiwa Daktari Mtume Ndimbo alipewa nishani ya utunzi katika uwanja wa taifa, mbele ya watu elfu arobaini walioletwa kwa malori. Vipima-upako mia viliwekwa pembeni. Mwalimu Elisaria aliletwa na lori la tisa, amevaa koti la mazishi.

"Hapa hakuna wa Kitabu wala wa Keybodi!" alinguruma Waziri kwenye kipaza sauti. "Kuna mimi, na kuna nyinyi mnaorudia! Ombeni, piga!"

Ombeni akapiga. Waziri akafungua kinywa, na kabla hajamaliza neno la kwanza, besi ilitoka upande wa jua, sauti ya tena ikatoka kivulini, na ya kwanza ikapaa juu ya jukwaa la wageni. Watu elfu arobaini waliimba namba 219 kwa sauti tatu, na spika za Mheshimiwa zikawashikia ya pili. Mishale mia ikaruka kwenye nyekundu, ikakaa huko.

"Ongeza sauti!" alifoka Waziri. Wakaongeza. Wimbo ukakaa sawasawa zaidi. "Ongeza!" Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Rais, kwenye kiti chake, akaanza kutoka jasho alilolikumbuka. Katikati ya ubeti wa tatu Waziri alielewa ni wimbo wa nani anaoongoza. Uso ukamshuka.

"Zima! Zima wimbo wangu!"

Ombeni aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye keybodi, akaiweka kichwani kama mtu aliyekamatwa. Spika zikafa. Ubeti wa tatu ukamalizika kwa sauti tatu tu.

Wakaingia wa nne, na watu wakasikia shimo. Besi ilikuwepo, sauti ya tena ilikuwepo, ya kwanza ilikuwa angani, lakini katikati palikuwa na nafasi tupu yenye upana wa mtu mmoja. Mwalimu Elisaria aliisikia hiyo nafasi, akaijua kwa jina. Akaiacha besi. Akainua uso kuelekea kwa mwanawe kule jukwaani, akampungia mkono kumsalimia, kisha kwa sauti yake nene isiyozoea njia hiyo akashika ya pili.

Hakufika mbali kabla Afisa Faustini hajamfikia, filimbi mkononi, saa inaning'inia.

"Mwalimu! Upo chini ya ulinzi! Unaimba sauti ya ngapi?"

Mwalimu alitia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa, akampa bila kuacha kuimba. Faustini aliifungua. Namba 219, sauti ya pili tu. Mwalimu Elisaria na waombolezaji atakaokuwa nao. Alitazama elfu arobaini wale waliosimama. Akasoma mstari wa mwisho, kwamba kibali kitakwisha nguvu wimbo utakapokwisha, akaona sahihi yake mwenyewe, na mhuri.

"Lakini hii ni ya siku ile," alisema.

"Siku ile mlinikatisha kwenye ubeti wa tatu," alisema Mwalimu, akivuta pumzi. "Zilibaki mbili."

Faustini aligeuka kumtazama Waziri, akamwona anabishana na kipaza sauti kilichozimwa. Aliikunja karatasi kama ilivyokuwa.

"Basi malizeni haraka," alisema.

Namba 219 haijawahi kuimbwa haraka.